Kamba Mbili za Kwenda Nainokanoka

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilipanda lori la mahindi pale Karatu kwenda kutafuta pesa ya kumlipa wakili wa talaka, na mume niliyetaka kuachana naye alikuwa amekaa pembeni yangu juu ya magunia, amenishikia kikapu. Ndiyo, umesikia vizuri. Usicheke kwanza, ngoja nikae sawa, mgongo huu siku hizi haunisikilizi.

Jumapili ulipotoka kanisani ulinikuta nachambua mbaazi. Ukavuta kigoda, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, watu wakiachana, wakili analipwa na nani?" Ukadhani sikusikia kwa sababu niliendelea na mbaazi zangu. Nilisikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Swali hilo niliwahi kuliuliza mama yako akiwa bado anatambaa, na nililiuliza ofisini kwa wakili mwenyewe, Arusha mjini, nimevaa viatu vya kuazima vinavyonibana.

Mimi kwetu ni Endabash. Niliolewa Mbulumbulu kwa kijana anaitwa Boay. Alikuwa mrefu, mchapakazi, analima kwa maksai, na watu walimwita awalimie mpaka Rhotia. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Tukiwa wawili alikuwa mpole, tunapanga mambo vizuri, hata kununua chumvi ananiuliza. Wakija wenzake, weee! Anageuka bwana mkubwa. Anaazimisha plau, anaahidi maksai, anakaribisha watu kwenye chakula ambacho hakipo. Mimi niko jikoni nasikia nyumba yangu inagawiwa kama karanga.

Sasa siku moja walikuwa uani wanakunywa pombe ya mtama. Mmoja akaomba plau letu msimu mzima. Mwenzake, mtu mwenye akili kidogo, akamwuliza Boay, "Umeongea na mama watoto?" Boay akacheka. Akasema, "Niongee naye nini? Huyu aliingia humu na kanga. Kila mnachokiona hapa ni changu."

Mwanangu, nilikuwa nimeshika mwiko. Niliuweka chini taratibu, maana nilijiogopa.

Sikuingia na kanga tu! Nilipojifungua Paskali, mtoto wangu wa kwanza, baba yangu alitoka Endabash kwa miguu akiswaga mtamba mweusi mwenye kiraka cheupe tumboni. Alinikabidhi mimi kamba yake mkononi, Boay akiwa hapo hapo anatazama. Baba akasema, "Huyu ni wako na watoto wako." Na kwa kuwa Mbulumbulu kila mahali ni shamba na malisho ni shida, mimi na Boay tulimpeleka juu Nainokanoka, kwa Wamasai, tukamweka kwa mzee Sironka. Ndivyo watu wetu walivyofanya, na wengine wanafanya mpaka leo. Unamweka ng'ombe kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa, wewe unabaki mwenye ng'ombe, na ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia zizini kwako, hujafilisika. Sironka alikuwa rafiki wa Boay wa siku nyingi. Huko kwao ni ndani ya hifadhi, walikuwa wamekatazwa kulima, basi sisi tunampelekea mahindi, yeye anatutunzia mifugo. Mtamba wangu akazaa, akazaa tena, na Boay akawa anatembea Karatu nzima anawaambia watu, "Ng'ombe wangu wa Nainokanoka." Wangu, eti!

Kesho yake nilimfunga mtoto mdogo, mama yako, mgongoni, Paskali nikamshika mkono, nikaenda zangu Endabash.

Baraza la usuluhishi la kata lilituita. Wazee wakaniuliza, "Mama Paskali, anakupiga?" Nikasema hapana. "Ana mwanamke mwingine?" Hapana. "Anakunyima chakula?" Hapana. "Sasa anakufanya nini?" Nikasema, "Ananifuta." Wakatazamana. Walimgeukia Boay aseme neno, naye badala ya kusema la maana akasema, "Amechoka tu huyu, atarudi." Ala! Hapo ndipo nilipoapa kwamba sirudi hata nibebwe kwa machela. Baraza likashindwa, likatuambia twende mahakamani.

Wakaingia ndugu. Ndugu, mwanangu, katika mambo haya ni watu wa kuwatazama vizuri. Mimi nilikuwa na kaka yangu Daniel, aliyewahi kukaa Arusha akarudi na suruali pana na maneno mengi. Karani wa Mahakama ya Mwanzo alikuwa ametueleza kwamba kesi yetu ingesikilizwa pale pale Karatu, ada yake ndogo, na mawakili hawaruhusiwi kuingia humo. Daniel akasema hiyo ni mahakama ya kesi za kuku. "Dada, sisi tunakwenda Arusha, tunaweka wakili. Na gharama zote atalipa Boay, si ndiye mkosaji?" Nikaona maneno matamu hayo. Kumbe na huko Mbulumbulu binamu ya Boay alikuwa anamwambia, "Weka wakili ndugu yangu, mwanamke asitoke hata na sufuria. Na gharama atalipa yeye, si ndiye aliyeondoka?" Basi kila upande ukaingia vitani ukiwa na hakika kwamba risasi zinalipiwa na adui.

Tukapanda basi, mimi na Daniel, vumbi la Mto wa Mbu na Makuyuni lote tukalimeza sisi. Wakili alikuwa mtu mnene, mchangamfu, amevaa miwani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amenifanyia tangu nitoke kwangu. Nilipomaliza nikamwuliza swali lako. "Sasa mheshimiwa, wewe unalipwa na nani?"

Akasema, "Mama, wakili analipwa na mtu aliyekaa kwenye hicho kiti."

Nikasimama hapo hapo.

Yule mtu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akaniomba nikae, akasema kukaa tu ni bure. Halafu akanieleza vizuri, na mimi nakueleza wewe kama alivyonieleza. Kwanza kila mtu anamtangulizia wakili wake mwenyewe. Kesi ikiisha, unaweza kumwomba hakimu amwamuru mwenzako akurudishie gharama. Lakini mambo ya mume na mke si kama kesi ya mpaka wa shamba. Mara nyingi hakimu anasema kila mmoja abebe mzigo wake, maana hataki kuwaongezea ugomvi. Kama mke hana kitu kabisa na mume anacho, hakimu anaweza kumwamuru mume atoe kidogo, mke naye apate kusikilizwa. "Lakini usije hapa ukitegemea mfuko wa mwenzako," akasema. "Una nini cha kuuza?"

Nikamtazama Daniel. Daniel akatazama dirishani. Tulipotoka nje nikamwambia, "Kaka, si una ng'ombe wako wa maziwa? Toa huyo, Boay akilipa nitakurudishia." Mwanangu, Daniel alishikwa na kikohozi mpaka tunafika stendi. Tangu hapo hakutaja tena mahakama ya kuku.

Nikabaki na ng'ombe wangu wa Nainokanoka. Nikamtuma Daniel akamlete. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, mikono mitupu. Sironka alimnywesha maziwa, akamlaza vizuri, asubuhi akamwambia, "Ng'ombe huyu aliletwa na mume na mke. Mke wako yuko wapi?" Daniel akasema yeye ni kaka. Mzee akamwambia, "Basi nenda salama, kaka." Baadaye nikasikia na binamu ya Boay alikwenda akapewa jibu hilo hilo, tena yeye hata maziwa hakuonjeshwa. Waliokuja pamoja kumweka ng'ombe ndio watakaokuja pamoja kumtoa. Huo ulikuwa utaratibu wa mzee, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Tukakutana mimi na Boay mnadani Karatu. Alikuwa amekonda usoni, mimi nikajifanya sioni.

"Mama Paskali, yule mzee amekuwa mkaidi. Anataka twende wote."

"Twende."

"Tukamtoe ng'ombe."

"Tukamtoe."

Hatukuulizana ng'ombe wa kumfanyia nini. Kila mtu alijua lake na wakili wake. Ndivyo nilivyojikuta juu ya lori la mahindi.

Mashimo ya barabara yaliponirusha, Boay alinipokonya kikapu, akakipakata. Nilikuwa nimetia sukari kidogo, na siku hizo sukari ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, na tumbaku ya mzee, na chini kabisa, chini ya kanga, kamba mpya ya katani. Nilikuwa nimejiandaa kuondoka na ng'ombe wangu, apende asipende. Boay naye alivaa koti lake refu la kijivu, nikaona limevimba kiunoni. Nikasema moyoni, kumbe anashiba huyu! Mimi sipo na bado ananenepa! Nakuambia kweli, tumbo lile liliniuma kuliko maneno ya uani.

Lori lilituacha juu ukingoni mwa kreta, njia panda, tukashika njia kwa miguu. Baridi ya huko unaijua. Ukungu unakuingia mpaka kwenye mifupa. Boay alitangulia, mimi nyuma. Tulipofika mahali ambapo msitu unaibana njia, akasimama ghafla akanyoosha mkono nyuma kunizuia. Mbele yetu kasimama nyati, dume pweke, wale wenye hasira za bure.

Sikumbuki nilivyopanda ule mti. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa juu, kanga imebaki chini, na ng'ambo ya njia Boay yuko kwenye mti wake na kikapu changu kakishika kwa meno. Nyati akaja akasimama katikati, akaanza kula majani kama mtu aliyefika nyumbani. Tukakaa. Tukakaa sana.

"Baba Paskali!"

Akahangaika kukitundika kikapu kwenye tawi apate kujibu. "Nini?"

"Mti wako una nguvu?"

"Una nguvu. Wako?"

"Unayumba."

"Shika tawi la kushoto. Hilo la kulia limeoza."

Nikashika la kushoto. Nyati akatutazama kidogo, akaendelea kula. Baada ya muda Boay akauliza, "Mtoto ameota meno?"

"Ameota."

"Mangapi?"

"Njoo uhesabu mwenyewe."

Nikamsikia anacheka huko kwenye majani, na mimi nikacheka, kimya kimya, asinione. Halafu akauliza kwa sauti nyingine, "Ile siku ulisikia nilivyosema?"

"Nilisikia."

"Nilikuwa nimekunywa."

"Mdomo ulikuwa wako."

Nyati alipochoka na sisi akaingia msituni, tukashuka. Boay akaokota kanga yangu, akaikung'uta matope, akanipa. Hakuomba msamaha. Nilikuwa nasubiri aombe, na hakuomba, nikakaza uso tena mpaka tunafika.

"Takwenya!" alinisalimia mzee Sironka, nikamjibu "Iko," maneno pekee ya Kimasai niliyoyamudu. Mke wake mkubwa, Mama Naserian, alinivuta ndani, akanikalisha karibu na moto, akaipokea sukari yangu kwa mikono miwili. Walitupa chai yenye maziwa mazito, wakatuacha tulale. Hakuna aliyetuuliza habari ya mahakama. Wazee wale walikuwa na subira ya kumchosha mtu.

Asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka, Sironka alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa boma. Akatuambia tusimame, mimi upande huu na Boay upande ule, ng'ombe wapite katikati. Akasema, "Nasikia kila mtu ana mtu wake wa Arusha wa kulishwa. Basi kila mtu amfunge ng'ombe wake."

Nikatoa kamba yangu kikapuni. Boay akafungua koti. Mwanangu, lile tumbo lilikuwa kamba! Alikuwa ameizungusha kiunoni kutoka Mbulumbulu, hata juu ya mti alipanda nayo. Tukatazamana, kila mtu na kamba yake mpya, na nadhani sote tuliona aibu, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiona.

Ng'ombe wakaanza kutoka. Alipopita yule mweusi mwenye kiraka cheupe, mtamba wa baba, sasa amekuwa ng'ombe mkubwa, mnene, ana mimba nyingine, nikamtupia kamba shingoni. Na Boay akamtupia ya kwake. Wapo wengine pale, wapo watoto wake, lakini yeye ndiye angepata bei. Akasimama katikati yetu na kamba mbili shingoni, anacheua, anatutazama mmoja mmoja.

Mzee Sironka alicheka mpaka ugoro ukamtoka. Alipojifuta macho akasema, "Vuteni basi." Hatukuvuta. Hapo uso wake ukabadilika. Akasema, "Mimi nimezeeka na simba. Simba akila ng'ombe, mwenye ng'ombe analia. Leo nimeona watu wanampelekea simba ng'ombe kwa miguu yao, halafu wanagombania nani ashike kamba."

Boay akaanza, "Mzee, huyu mwanamke ndiye..."

"Nyamaza. Mnauliza nani atamlipa mtu wa Arusha. Atalipwa na huyu." Akampiga ng'ombe kiganja mbavuni. "Wewe utatoa wa kwako, yeye atatoa wa kwake, na zizi ni hili moja. Wa kwanza akiisha, mtakuja kumchukua wa pili. Mimi nitabaki nawafungulieni mlango. Halafu yule mtoto wenu atakuja hapa siku moja kuniuliza, babu, ng'ombe wa mama wako wapi? Nimwambie nini? Kama mnataka kuachana, achaneni. Hata sisi hapa watu wanaachana. Nitakaa nanyi leo niwagawie ng'ombe hawa kwa haki, kesho mwende kwa yule hakimu wenu wa Karatu awaandikie. Mimi mtanilipa tumbaku, na tumbaku mmeshaleta."

Sikiliza hapo, mwanangu. Mzee hakunilazimisha kurudi. Nilikuwa nimezoea wazee wanaosema rudi, vumilia, wanawake wote wanavumilia. Huyu alisema amua unachotaka, lakini usilipie uamuzi wako kwa chakula cha watoto. Nikajiuliza kwa mara ya kwanza, mimi nataka nini hasa? Nikabaki nimeshika kamba.

Mama Naserian alikuwa anakamua pembeni. Akainuka na kibuyu chake, akaja akasimama mbele ya Boay. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na nilikuwa sijamsikia akiongea mbele ya wanaume. Akasema, "Kabla hamjagawa, mimi ninayemkamua nataka kujua. Huyu aliingia kwangu kwa mkono wa nani?"

Boay akatazama kamba yake. Akasema chini chini, "Kwa mkono wake."

"Sisikii. Mimi ni mzee."

"Baba yake alimpa! Ni wa Mama Paskali!" Alipiga kelele mpaka ndama wakaruka. "Ni wa kwake, na hao wengine ni watoto wa huyo, na plau tulinunua kwa ndama wa huyo huyo! Nilisema uongo ili wenzangu wanione mwanamume!"

Yesu wangu. Nilikaa chini pale pale kwenye samadi nikalia. Sikulia kwa uchungu, nilifurahi, mwanangu, nilifurahi mpaka kifua kikauma. Kumbe ndicho nilichokuwa nakitafuta Arusha na viatu vya kuazima. Nilitaka mtu aseme kwamba nilikuwepo.

Lakini usidhani nilikuwa mjinga. Boay alifungua kamba yake akaizungusha mkononi. Mimi ya kwangu niliiacha shingoni mwa ng'ombe. Nikamwambia, "Umewaambia ng'ombe. Wenzako hawakuwepo." Mzee Sironka akasema, "Hapo amesema." Tukanywa chai kamba yangu ikiwa bado iko pale, na tulipokuwa tunaondoka Boay akaniahidi mbele ya wale wawili kwamba atawaita watu wale wale, uani pale pale. Ndipo nikaifungua.

Tulirudi tumebeba kamba, hatuna ng'ombe. Mimi nilikwenda Endabash kwanza, nikasema sitakanyaga Mbulumbulu mpaka nisikie nimeitwa. Niliitwa. Boay alinunua pombe mwenyewe, akawaita wote, na binamu akiwemo. Mimi sikukaa jikoni, niliwekewa kiti. Akasimama akasema yote, anatokwa jasho kama amelima tangu alfajiri. Alipomaliza, yule rafiki wa plau akanigeukia akauliza, "Sasa shemeji, plau nitapata?" Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia atapata siku moja moja, na arudishe likiwa limenolewa. Usiku ule sikurudi Endabash.

Yule wakili nilimpelekea salamu kwa utingo wa basi, na debe la mbaazi kwa kunieleza ukweli. Akajibu kwamba hajawahi kupoteza kesi akafurahi hivyo.

Sasa nisikilize. Sikukusimulia haya ili urudi kwa mumeo. Sijui kinachowasumbua, na hujaniambia. Kama anakupiga, usipande mti wowote kuongea naye. Njoo hapa, leo, na mimi bibi yako nitauza ng'ombe nikuwekee wakili mkubwa kuliko wote wa Arusha, wala sitakohoa. Kuna watu wanaohitaji wakili, na pesa hiyo haipotei.

Lakini kama ni kama mimi, kwanza jiulize unatafuta nini kwake, ulitaje kwa jina. Nenda barazani, ukafungue mdomo useme lote, usiseme neno moja kama mimi ukadhani wazee watalielewa. Ukishindwa hapo, waulize mahakamani ni njia gani ya karibu na ya bei nafuu kabla hujaenda ya mbali. Ukienda kwa wakili, mwulize malipo yake siku ya kwanza kabla hujamwaga machozi, na ujue utaanza kulipa wewe; ukija kurudishiwa gharama, shukuru, lakini usizitie hesabuni mapema. Ndugu yeyote anayekuambia shtaki, shtaki, mwambie atangulize yeye, usikilize kikohozi chake. Na kabla hujatoa kitu kulipia ugomvi, tazama ni nani anakula kutoka kwenye kitu hicho. Mkiachana, achaneni mkiwa na kitu cha kugawana, na kila mtu apate haki yake akiwa bado anaweza kumsalimia mwenzake mnadani.

Ukimwuliza babu yako akiamka hapo kwenye kiti, atakuambia nyati walikuwa wawili na kwamba yeye hakupanda mti. Mwache. Nyumbani kwake anaruhusiwa kuongeza nyati, plau tu ndilo haruhusiwi kugawa.

Mungu akufungulie njia yako, mwanangu, iwe ya kurudi au ya kuondoka. Akupe watu wa kukuambia ukweli mapema, na akupe nafasi ya kucheka katikati ya mambo yako kama alivyonipa mimi. Haya, inuka ukaanue nguo, naona mawingu yanashuka kutoka Oldeani. Hiyo kamba ya kuanikia ni zile mbili, Boay aliziunga wiki ile niliporudi, tukaanika nepi za mama yako. Katani imeoza huku na huku tumeibadilisha vipande, ila pale katikati utakuta fundo. Ukifika hapo pita taratibu, usilifungue.